Tumepita tu: somo la safari za majira ya baridi



Likizo ya Krismasi inakaribia, na darasani hakuna habari nyingine ila safari. Mmoja anakwenda Amsterdam kwa mjomba, mwingine Hamburg kwa shangazi, na wa tatu anasema familia yao itapita miji minne mpaka Stockholm na kurudi Brussels kabla shule hazijafunguliwa. Kwa hiyo somo la juma hili ni la safari. Lina sarufi, hesabu kidogo, jiografia kidogo na methali. Watoto wakubwa wasome wenyewe. Wadogo wasomewe na baba au mama, mezani, kipande kimoja kwa siku. Si lazima kulimaliza kwa kikao kimoja.

1. Sentensi ya kuanzia

Kila aliyelelewa katika nyumba ya wasema Kiswahili anaijua sentensi hii. Mgeni anabisha hodi, anakaribishwa, lakini anabaki kusimama karibu na mlango. "Hatukai," anasema, "tumepita tu kuwasalimia." Mwenyeji anauliza, "Hata chai?" Mgeni anacheka, anajitetea, na mara nyingi mwisho wake anaketi.

Kule nyumbani sentensi hii ni nyepesi. Aliyepita leo anakaa mtaa wa pili, na kesho atapita tena. Asipopita yeye, atamtuma mtoto. Salamu fupi za leo zinaongezwa juu ya za jana.

Huku Ulaya sentensi ni ileile, lakini uzito wake umebadilika. Familia imetoka Brussels, imekaa njiani saa nyingi, imefika kwa ndugu jioni, imekula, imepiga picha ya pamoja kwenye sofa, na asubuhi inaondoka kwenda mji mwingine. Huyo ndugu haonwi tena mpaka baada ya miaka miwili au mitatu. Akiwa ni mzee, huenda asionwe tena.

Tazameni vitenzi vitatu: kupita, kufika, kukaa. Kupita ni kwenda mbele ya mahali bila kusimama, au kusimama kidogo tu. Kufika ni kumaliza njia. Kukaa ni kutua, kuvua koti, na kujua vikombe vinawekwa kabati gani. Katika safari zetu nyingi za Desemba tunapita sana, tunafika mara kwa mara, na kukaa hatukai.

2. Kwa nini tunakimbia?

Tusiwalaumu wazazi upesi. Wana sababu zao, na sababu hizo ni za kweli.

Ya kwanza ni kalenda. Tangu mwaka wa shule wa 2022 na 2023, shule za Kifaransa hapa Ubelgiji zina kalenda yake, na shule za Kiholanzi zina yake. Nyumba yenye mtoto mmoja huku na mwingine kule inajua taabu yake: huyu yuko likizoni, yule yuko darasani. Likizo ya Krismasi ni mojawapo ya nafasi chache ambapo wote wanapumzika pamoja, kwa hiyo kila jambo linasukumwa humo.

Ya pili ni nauli. Ukishalipia njia mpaka Denmaki, moyo unakwambia: Uswidi iko hapo tu, ng'ambo ya daraja, tukose kwenda?

Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni heshima. Ukipita mji wa ndugu bila kumwona, utasikia: "Mlipita Hamburg msinipigie hata simu!" Lawama hiyo hukaa miaka. Basi mzazi, ili asimkosee yeyote, anamgawia kila mtu saa mbili. Nia yake ni nzuri, lakini kila ndugu anabaki na picha tu, na mtoto aliyeletwa aonane na bibi yake anashinda dirishani mwa treni.

3. Hesabu ya mwanga

Sasa tufanye hesabu. Karibu na ikweta mchana na usiku hugawana siku karibu nusu kwa nusu mwaka mzima, na saa ya Kiswahili imejengwa juu ya jambo hilo. Jua hutoka karibu saa kumi na mbili asubuhi na kuzama karibu saa kumi na mbili jioni. Mwishoni mwa Desemba, Unguja hupata mwanga wa muda wa saa 12 na nusu hivi.

Brussels siku hizohizo jua hutoka saa tatu kasoro robo asubuhi na kuzama kama saa kumi na dakika arobaini jioni. Hesabuni wenyewe: hazifiki saa 8. Ukizidi kwenda kaskazini, mchana unazidi kuwa mfupi. Hamburg ni kama saa 7 na nusu, Copenhagen 7, Stockholm 6. Tromsø, kule juu kabisa Norwei, jua halichomozi kabisa tangu mwishoni mwa Novemba mpaka katikati ya Januari. Kunapambazuka kidogo, mbingu zinakuwa za samawati, kisha giza linarudi.

Tuchukue safari ya mfano ya siku 7: Brussels, Amsterdam, Hamburg, Copenhagen, Stockholm, na kurudi. Kwa treni, vipande vya kwenda ni takriban saa 2, 5, 5 na 5. Jumla ni 17. Kurudi kutoka Stockholm tuseme ni saa 18, na nusu yake tunasafiri usiku.

Mwanga wa siku 7, kwa wastani wa saa 7 kwa siku, ni saa 49. Toa 17 za kwenda, toa 9 za kurudi mchana. Zinabaki 23. Zigawe kwa miji minne: kila mji haupati hata saa 6 za mwanga. Hapo hatujatoa muda wa kutafuta tramu, kungoja choo, kumvalisha mdogo glavu na kumvua tena.

Watoto, fanyeni hesabu hiyo kwa safari yenu wenyewe, kisha mwonyesheni baba na mama, kwa adabu. Msiseme "Mmekosea." Semeni "Tumehesabu, tukaona hivi."

4. Kaskazi ni upepo

Neno kaskazini mnalijua. Je, mnajua limetoka wapi? Limetoka kwa upepo. Kaskazi ni upepo unaovuma kutoka upande huo katika pwani ya Afrika Mashariki, tangu Desemba hivi mpaka Machi. Mwenzake ni kusi, anayevuma kutoka upande wa pili tangu Aprili hivi mpaka Septemba au zaidi, naye ametupa neno kusini. Kaskazi ya pwani ni ya joto. Kwa hiyo mtoto wa Mombasa akisikia neno hilo anafikiria jua kali na bahari ya kusafiria, na mtoto wa Brussels anafikiria soksi za sufu.

Kwa karne nyingi majahazi ya Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi yaliteremka na kaskazi mpaka Lamu, Mombasa na Unguja, yakarudi na kusi. Nahodha aliyefika mapema hakuweza kugeuza chombo kesho yake, kwa sababu upepo haukumruhusu. Alikaa majuma, pengine miezi. Mabaharia waliuza na kununua, walitengeneza matanga, walialikwa harusini, wengine walioa. Walijifunza maneno ya wenyeji, na wenyeji wakachukua ya kwao. Mchanganyiko ule uliofanya pwani iwe kama ilivyo ulihitaji watu wa kuukalia. Kama wale mabaharia wangepita tu, tusingekuwa na maneno mengi tunayoyatumia leo.

Hata maneno ya baridi ni ya wasafiri. Theluji asili yake ni Kiarabu. Barafu asili yake ni Kiajemi, na kule maana yake ni theluji. Kwetu likahamia kwenye maji yaliyoganda.

Sisi wa leo hatufungwi na upepo. Treni inaondoka kila saa. Ndiyo maana kukaa kwetu ni lazima tukuchague wenyewe.

5. Sarufi: -ka- na -ki-

Sasa tuje kwenye kalamu. Mwaka jana baada ya likizo niliwaomba wanafunzi wasimulie safari zao, na karibu wote walisimulia kwa namna moja. Nimetunga masimulizi mawili ya mfano ili mlione jambo lenyewe. Watu wa humu si wa kweli, isipokuwa mmoja, naye mtamtambua.

Masimulizi ya kwanza

"Tulitoka Brussels alfajiri, tukapanda treni, tukafika Amsterdam, tukapiga picha, tukala chipsi, tukapanda treni, tukafika Hamburg usiku, tukamsalimia shangazi, tukala wali, tukalala, tukaamka, tukapanda treni, tukafika Copenhagen, tukapiga picha, tukasikia baridi, tukaondoka."

Masimulizi ya pili

"Tulikaa Hamburg siku nne, kwa shangazi. Tulifika jioni, tukamkuta akikaanga maandazi na madirisha ya jikoni yamejaa mvuke. Hakutuuliza tutaondoka lini. Kesho yake tuliamka kukiwa bado giza, tukakaa jikoni tukingoja kupambazuke. Shangazi alimenya viazi akitueleza jinsi alivyofika Ulaya na begi moja na viatu vya wazi.

Siku ya tatu alitupeleka makaburi ya Ohlsdorf. Ni makubwa mno, hata mabasi ya abiria yanapita ndani yake. Tulitembea theluji ikilia chini ya viatu, tukitafuta jiwe la ukoo wa Ruete. Hapo amezikwa Sayyida Salme, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, binti wa Sayyid Said. Alifika Hamburg mwaka 1867. Mumewe akafa mwaka 1870, akabaki na watoto watatu katika nchi ya baridi. Aliandika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1886, akafa mwaka 1924. Shangazi alisimama kimya, mikono ikiwa mifukoni, kisha akasema, 'Huyu naye alisema Kiswahili.'

Tulipokuwa tukirudi kwenye basi nilimuuliza kama yeye alilia majira yake ya kwanza ya baridi. Alicheka. 'Nililia mpaka Machi,' akasema. Mama yangu hakuwa anajua."

Rudini kwenye masimulizi ya kwanza. Hesabuni -ka-: tukapanda, tukafika, tukapiga. Kiambishi -ka- huunganisha matendo yanayofuatana. Tendo la kwanza likiisha, la pili linaanza, nalo likiisha linakuja la tatu. Ni kiambishi kizuri, na bila yake hadithi haisogei. Tatizo la masimulizi ya kwanza halitokani na -ka-. Mle ndani hakuna kingine: kila kitu kinafuatana, hakuna kinachotokea wakati mtu anatazama.

Sasa tazameni -ki- katika masimulizi ya pili: akikaanga, akitueleza, theluji ikilia, tukitafuta. Hapa -ki- hueleza tendo linaloendelea wakati jambo jingine linatokea. Ili kusema "tulimkuta akikaanga maandazi," ni lazima uwe umesimama pale mlangoni ukamwona. Mtu anayekimbia huona vilivyokwisha tu, haoni vinavyoendelea.

Angalieni pia jinsi -ki- inavyofuata ngeli:

Shangazi akicheka. Watoto wakiteleza. Theluji ikianguka. Jua likizama. Mvuke ukipanda. Madirisha yakifunikwa na ukungu. Kikombe kikipoa.

Mwisho, angalieni swali la mtoto lilikuja lini. Lilikuja siku ya tatu, wakirudi kutoka makaburini. Saa ya kwanza, koti likiwa bado mwilini, hakuna mtoto anayemuuliza mtu mzima kama aliwahi kulia. Na hakuna mtu mzima anayejibu.

6. Kama siku nne huna

Mzazi atasema: "Mwalimu, siku nne unazitoa wapi? Kazini wamenipa tatu." Ni kweli, na si kila msafiri anapanga mwendo wake mwenyewe.

Mfano mmoja ni wa zamani sana. Mwaka 1896 Salim bin Abakari alisafiri kutoka Berlin kwenda Urusi na Siberia akifuatana na Mjerumani Theodor Bumiller, aliyekuwa bwana wake. Salim alikuwa mtumishi. Ratiba haikuwa yake: siku ya kuondoka, mahali pa kulala na muda wa kukaa vilikuwa mikononi mwa mwingine. Reli ya Siberia nayo ilikuwa bado inajengwa. Hata hivyo masimulizi yake ya safari ile tunayo mpaka leo, kwa Kiswahili, yakiwa na miji, watu na desturi alizoziona. Yalichapishwa mwaka 1901 katika kitabu Safari za Wasuaheli, kilichotayarishwa na Carl Velten, aliyekuwa akifundisha Kiswahili Berlin.

Salim hakuweza kupunguza mwendo wa safari. Alichoweza ni kutazama, kukumbuka na kusimulia. Hilo hata mwenye siku tatu analiweza. Siku tatu katika nyumba moja zinatosha kusikia hadithi moja mpaka mwisho. Zikigawanywa kwa nyumba tano, hazitoshi hata kumaliza kikombe cha chai.

7. Methali zinazogombana

Mnajua "Haraka haraka haina baraka." Mnajua pia "Mwenda pole hajikwai." Watoto wakizisikia hudhani Kiswahili kinasifu uzembe. Lakini bibi yuleyule anayewaambia hivyo asubuhi atawaambia jioni: "Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako." Atawaambia pia: "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Sasa tumsikilize yupi?

Tuwasikilize wote wawili, kwa sababu kila methali ina mahali pake. Katika jambo letu la safari, nazigawa hivi. "Chelewa chelewa" ni methali ya kwenda. Kama kuna mzee wa ukoo Malmö au Köln aliye peke yake, anayekumbuka majina ya mababu na kijiji walikotoka, usiseme tutakwenda mwakani, watoto wakikua. Nenda likizo hii. Katika jamii yetu hapa Brussels kila mwaka tunazika, na kila mazishi yana mtu anayesema, "Nilikuwa nimepanga kwenda kumwona."

"Haraka haraka" ni methali ya kukaa. Ukishafika, usiondoke upesi. Kwa hiyo fanya haraka kufika kwa mzee, usifanye haraka kuondoka kwake. Safari nyingi za Desemba zinafanya kinyume: tunaahirisha miaka mitatu, kisha tunakwenda kwa saa mbili.

Iko pia "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mwenyeji anapona kwa mgeni aliyekaa. Mzee anayeishi peke yake katika mji wa kaskazini, giza likiingia saa tisa na nusu alasiri, amekosa mtu wa kusema naye lugha yake. Mtoto wa miaka tisa anayekosea ngeli, lakini yuko mezani pake siku tatu, ni dawa.

8. Mazungumzo: kumweleza ndugu

Ukichagua nyumba moja, itabidi uwaeleze ndugu wengine kabla hawajasikia kwa watu. Msiandike ujumbe tu, pigeni simu. Haya ni maneno ya kuanzia. Familia za Kivu na Katanga, ambako shikamoo haitumiki sana, anzeni kwa salamu ya kwenu.

Mama: Shikamoo, mjomba.

Mjomba: Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?

Mama: Hatujambo, tunashukuru. Mjomba, nimepiga mapema ili usikie kutoka kwangu mwenyewe. Likizo hii tunakwenda kwa shangazi, na siku zote tutakuwa kwake. Amsterdam hatutashuka.

Mjomba: Yaani mtanipita hivihivi?

Mama: Tungeshuka tungekaa saa mbili, tukaondoka hata watoto hawajakuzoea. Tunaomba utupe likizo ya Pasaka, tuje tukae.

Mjomba: Mtakaa kweli, au maneno?

Mama: Tutakaa mpaka utuchoke, inshallah.

Mjomba: Haya. Msalimieni sana shangazi. Mwambieni bado ninamdai chungu changu.

Watoto, someni mazungumzo haya wawili wawili kwa sauti. Mnaona mama hakusema "Hatuna muda"? Amesema atakuja lini na kwa nini leo hashuki. Kama ndugu wanaweza kusafiri, iko njia nyingine: waalikeni wote wakutane katika nyumba moja, hasa ya aliye mzee zaidi, badala ya familia yenu kuzunguka nyumba zote.

9. Maneno ya juma

Kupambazuka: giza kuondoka, mwanga kuanza kuonekana.

Kukawia: kutumia muda mrefu mahali au njiani. Aliyekawia hakuchelewa lazima, huenda hakuwa na miadi.

Kuchelewa: kufika baada ya wakati uliopangwa.

Kutua: kushusha mzigo, kufika na kupumzika. Ndege hutua, na moyo pia hutulia.

Kipupwe: msimu wa ubaridi wa pwani, katikati ya mwaka. Wengine huliita hivyo hata majira ya baridi ya Ulaya, lakini mtu wa Tanga akisema kipupwe hafikirii theluji.

Kwenu mnasemaje? Wazazi wa Bukavu, Lubumbashi, Bujumbura, Mombasa na Dar es Salaam wana maneno tofauti kwa "haraka" na "polepole." Yakusanyeni, tutayaandika ubaoni.

10. Kazi ya likizo

Kwa wanaosafiri. Chagueni mtu mmoja mzima mtakayekaa naye. Kabla ya kuondoka andaeni maswali matatu, na hata moja lisijibiwe kwa "ndiyo" au "hapana." Kwa mfano: Siku ya kwanza ulipofika Ulaya ulilala wapi? Nani alikufundisha kuvaa kwa ajili ya baridi? Ulipokuwa na umri wangu, Desemba kwenu ilikuwaje? Msiulize siku ya kwanza. Siku ya kwanza saidieni kazi jikoni. Mkitaka kurekodi sauti, ombeni ruhusa.

Mkirudi, andikeni ukurasa mmoja wenye -ki- angalau tano. Wadogo wachore picha moja na kuandika chini yake sentensi mbili.

Kwa wanaobaki Brussels. Hamjakosa kitu. Chukueni metro mpaka Montgomery, kisha pandeni tramu namba 44 mpaka mwisho wa njia, Tervuren. Safari yake ni fupi, na sehemu kubwa inapita kando ya msitu wa Soignes. Kaeni dirishani, simu zikae mifukoni, na kila mtu aseme kwa Kiswahili anachokiona kikitokea: mti ukitikisika, mbwa akivutwa, mzee akifungua mwavuli.

Wengi wakifika Tervuren huenda moja kwa moja kwenye Makumbusho ya Afrika, hupiga picha, hurudi. Ninyi endeleeni kwa miguu mpaka katikati ya mji, kwenye kanisa la Mtakatifu Yohane Mwinjili. Kando ya kanisa kuna makaburi saba. Mwaka 1897, katika maonyesho ya Mfalme Leopold II, Wakongo 267 waliletwa Ubelgiji, wakawekwa katika vijiji vya maonyesho ili watu waje kuwatazama. Kiangazi kile kilikuwa cha baridi na mvua. Saba kati yao walifia hapa, wakazikwa mbali na kwao. Wazazi wa watoto wadogo watachagua wenyewe namna ya kulieleza jambo hili, lakini wasilifiche. Majina ya wale saba yameandikwa. Yasomeni kwa sauti, moja moja, bila haraka, kisha simameni kidogo kabla ya kuondoka.

Tutakutana Jumamosi ya kwanza baada ya likizo, saa nne asubuhi. Kila mtoto aje na ukurasa wake. Tutaanza na chai, na mara hii tumepanga muda wa kutosha ili kila mmoja asomewe mpaka mwisho.

Safari njema, na wanaobaki, likizo njema. Wafikishieni wazee salamu zetu.